Hesabu ya Chaki: Land Rover Yangu Ilivyopata Ekseli ya Mdogo Wake

Shafti ya nyuma ya Land Rover, ile fimbo ya chuma inayozungusha gurudumu, ikikatika haipigi kishindo. Inasema "ta!" kama mtu aliyevunja muwa kwa goti, halafu injini inapandisha sauti bila mzigo na gari linasimama. Ilinitokea masika ya mwaka juzi, kwenye mlima wa udongo mwekundu kabla ya kufika Mtae, kijiji cha juu kwenye milima ya Usambara, gia ya pili, gari limejaa watu na ndoo tatu za plamu. Nikavuta handibreki. Gari likaanza kurudi nyuma.

Kwa asiyewahi kumiliki haya magari, handibreki yake haishiki magurudumu. Imekaa katikati ya gari, nyuma ya giaboksi, na inachoshika ni propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Propela inashika difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kulia na kushoto, difu inashika shafti, shafti zinashika magurudumu. Shafti moja ikikatika, mnyororo wote umekwisha: difu inauzungusha ule upande uliokufa, na gurudumu zima linakwenda linakotaka. Unaweza kuivuta handibreki mpaka ibaki mkononi.

"Shangazi, jiwe!" nilipiga kelele, nimekandamiza breki ya mguu mpaka goti linatetemeka.

"Jiwe gani tena, baba?"

"Lolote, Shangazi! Weka nyuma ya tairi!"

Shangazi yangu amevuka sabini. Akashuka taratibu, akajifunga kanga vizuri, akaanza kuchagua jiwe kama anayechagua nazi sokoni. La kwanza akalitupa. La pili akaliridhia. Nilipoachia breki na gari likatulia, ndipo nilipokumbuka kupumua.

Tulifungua boliti sita za kwenye hubu, kitovu cha gurudumu, nikaivuta shafti. Hili ni jambo zuri la ekseli hizi: uzito wa gari unabebwa na bomba la ekseli pamoja na beringi za hubu, shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Kwa hiyo ikikatika gurudumu halidondoki, na kipande cha nje unakichomoa kama upanga kwenye ala. Kipande cha ndani kilibaki kwenye difu. Nikakiacha. Nikabonyeza kile kirungu cha njano cha kuunganisha magurudumu ya mbele, na gari likatufikisha Mtae likivutwa kwa pua, na siku mbili baadaye likanishusha hivyo hivyo mpaka Korogwe. Nilijiona fundi.

Babu hakuniona hivyo. Babu ni fundi wangu, si babu yangu wa damu, ila amefungua magari haya tangu enzi ambazo ofisi za serikali hazikuwa na gari jingine. Alisikiliza habari yangu yote mikono nyuma, kisha akauliza swali moja.

"Propela uliitoa?"

"Hapana, Babu. Niliunganisha mbele tu."

"Kwa hiyo umetembea kutoka juu huko mpaka hapa, difu inazunguka na chuma kilichovunjika tumboni."

Alipoifungua difu, nikaelewa alichokuwa anasema. Vipande vya meno ya shafti vilikuwa vimeanguka ndani na kupita kati ya kraun na pinioni, yaani gia kubwa ya difu na ile ndogo inayoizungusha. Meno matatu ya kraun yalikuwa yamemeguka ncha. Oili ilikuwa inang'aa kama imepakwa rangi ya fedha.

Lakini ile shafti yenyewe ndiyo niliyokaa nayo muda mrefu. Upande wa ndani mwishoni kuna meno 10, na pale yanapoanza chuma kilikuwa kimesokotwa, mistari imelala mshazari kama kamba ya katani. Uso wa mkatiko ulikuwa na rangi mbili. Sehemu kubwa ilikuwa nyeusi, laini, imezeeka. Ukingoni kipande kama kucha ya dole gumba ndicho kilichokuwa cheupe na chenye punje punje. Babu akapitisha kucha yake pale. Akasema huo weusi ni ufa wa miaka, labda hata kabla sijalinunua gari. Mlima wa Mtae ulimalizia hiyo kucha tu.

Gari lenyewe ni 109 Series IIA ya mwaka 1969, ya petroli, injini ya lita mbili na robo. Hiyo 109 ni inchi kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma, karibu sentimita 277. Nililinunua kwa bwana shamba mstaafu ambaye alilia kidogo nilipolitoa getini kwake, kisha akanipigia simu jioni kuniambia mlango wa kushoto unafunguka ukiupiga ngumi. Mimi si mtu wa makumbusho. Napenda gari la zamani likae kama lilivyozaliwa, ila napenda zaidi likinifikisha. Na kwa yeyote anayezijua hizi gari, shafti za nyuma za ekseli hii ya kizamani ya Rover ndipo penye donda. Hata waliolitengeneza walilijua. Series III, mdogo wake, ilipotoka mwaka 1971, haikuchukua muda 109 zikaanza kuwekewa ekseli nyingine kabisa nyuma, ya Salisbury, ambayo ni ndugu wa Dana 60 ya Wamarekani, ile ya kwenye pikapu zao kubwa.

Ukiziona mbili hizi zimelala chini pamoja huhitaji kuambiwa. Ya Rover ni bomba jembamba lenye kitumbo katikati; difu yake inafungwa kwa mbele na inatoka nzima, kama unavyotoa kinu cha mashine ya kusagia nyama. Ya Salisbury ni tunguu la chuma cha kusubu, zito, mfuniko wake uko nyuma na una boliti kumi. Ya kwanza inakunywa oili lita moja na robo tatu, ya pili lita mbili na nusu. Shafti za Salisbury ndani zina meno 24, na unene wake ukiushika mkononi unaona aibu kwa ile uliyotoka nayo.

Nikamwambia Babu: tuweke Salisbury. Akakubali haraka kuliko nilivyotegemea, akaongeza sharti moja. Hatalipa mtu kabla yeye hajahesabu.

Ya kwanza tuliikuta Tanga, kwenye yadi ya vyuma chakavu. Ilikuwa na vitako vya kukalia springi bapa, kama ilivyo yangu, hivyo ingefunga bila kuchomelea kitu. Kavu, haijavuja, mfuniko haujabonyea. Bei nzuri. Mwenye yadi akasema ni Salisbury ya 109, na hakudanganya. Nilikuwa tayari nimeshaingiza mkono mfukoni.

Babu akaomba chaki.

Akachora mstari kwenye flenji ya pinioni, pale propela inapofungwa, na mwingine kwenye hubu ya kulia. Akaniambia niishike hubu ya kushoto kwa mguu isizunguke. Kisha akaizungusha ya kulia mizunguko miwili kamili, polepole, huku akihesabu pinioni kwa sauti kama mwalimu wa chekechea. Kwa nini miwili? Kwa sababu upande mmoja ukishikwa, difu inampa yule wa pili mwendo wa wote wawili. Mizunguko miwili ya hubu moja ni mzunguko mmoja wa kraun. Pinioni ikazunguka mara moja, mbili, tatu, na nusu, ikasimama.

"Tatu na nusu," Babu akasema. "Twende."

"Mzee, si Salisbury hiyo?" mwenye yadi akauliza.

"Ni Salisbury. Siyo yetu."

Njiani ndani ya daladala akanieleza. Kuna 109 zilizotengenezwa kuanzia 1979 na injini ya V8, zile zenye uso bapa, grili imesogezwa mbele mpaka usawa wa taa. Zilikuwa na springi bapa kama zetu na Salisbury kama tunayoitafuta, ila gia ya difu ni 3.54, yaani pinioni inazunguka mara tatu na nusu hivi kraun ikizunguka mara moja. Yangu ya mbele ni 4.7. Tungeifunga ile ya Tanga, gari lingetembea vizuri sana lami, tena kwa mbio zaidi na injini ikiwa imetulia, nami ningemsifu. Siku ya kwanza ya tope ukibonyeza kirungu cha njano, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja na kuzunguka sawasawa. Sasa magurudumu ya nyuma yanapiga hatua nne wakati ya mbele yanapiga tatu. Kitu lazima kipasuke, na hakitakuwa cha bei rahisi.

Wako wanaotaka hiyo 3.54 kwa makusudi, wanaibadilisha na ya mbele, gari linakuwa la safari ndefu. Sawa. Mimi milima yangu inahitaji 4.7, na injini ya petroli ya lita mbili na robo haina nguvu za kutupa.

Ya pili tuliipata Moshi baada ya wiki sita za simu. Hii ilikuwa imetoka kwenye Series III iliyopata ajali ya mbele. Chaki tena, mguu tena, nami safari hii nikahesabu naye: nne, na kabla tu ya kukamilisha robo tatu, hubu ikamaliza mizunguko yake miwili. Babu akaifuta chaki kwa kiganja, akamgeukia muuzaji, akaanza kulalamika kuhusu kutu. Tulilipa laki nane na nusu. Ekseli ikapanda Fuso la vitunguu ikapita Mwanga, Same, Hedaru na Mombo, na ilipofika Korogwe vijana wanne waliishusha wakiguna. Ilinuka vitunguu mpaka tulipoipiga grenda na kuipaka rangi.

Kazi yenyewe ya kubadilisha, ukimsikia mtu akisema ni ya siku moja, muulize alikuwa na nani. Kutoa ya zamani kulitumia asubuhi na chupa nzima ya mafuta ya kulainisha kutu. Kuikalisha mpya kwenye springi kulitumia jeki mbili, gogo la mwarobaini na lugha isiyofaa kuandikwa. Bomba la Salisbury ni nene kuliko la zamani, kwa hiyo yu-boliti za zamani, zile boliti zenye umbo la U, hazikuweza kulikumbatia, na zile sahani za chini zinazobana springi nazo hazikuingiliana. Hizo tulikuwa tumepewa pamoja na ekseli kwa sababu Babu alikataa kuondoka Moshi bila hizo. Ukinunua ekseli ukaacha yu-boliti zake, umenunua nusu.

Breki zilikwenda vizuri. Ngoma ni za ukubwa uleule, inchi 11, tulibadilisha silinda za magurudumu na brekishuu, tukatoa upepo mara tatu mpaka pedali ikakaa juu.

Propela ndiyo iliyonifundisha adabu. Pua ya Salisbury ni ndefu kuliko ya Rover, inaisogelea giaboksi, na propela ya zamani inakuwa imezidi. Kuna watu huilazimisha ikajibana kwenye sehemu yake ya kuteleza. Siku springi zikijikunja kwenye shimo, haina pa kurudi, inaisukuma giaboksi. Fundi wa leti, mashine ya kuchongea chuma, akaikata na kuichomelea kwa ufundi kabisa, akainyoosha kwenye mashine. Niliirudisha gereji mwenyewe, na kwa kuwa nilitaka mchango wangu uonekane, nikaomba niiunganishe mimi. Nikapaka grisi, nikaingiza upande mmoja ndani ya mwingine, nikafunga krosi zote mbili, vile viungo vya mwisho wa propela vinavyoiruhusu kupinda, nikakaza nati nane. Babu alikuwa amekwenda kuswali.

Tulilijaribu gari barabara ya Mombo. Mpaka kilomita 50 kwa saa lilikuwa kama jipya. Sitini, sakafu ikaanza kuwasha nyayo. Sitini na tano, kioo cha ndani kikawa kinaonyesha magari mawili nyuma yangu badala ya moja, na ile ngumi ya mlango wa kushoto haikuhitajika tena: ulifunguka wenyewe. Mawazo yote mabaya yalinipitia. Ekseli imepinda. Yule wa Moshi ametupiga. Fundi wa leti ameharibu.

Babu alilala chini ya gari kwa kama dakika moja. Akatoka, akajifuta vumbi.

"Nani kafunga propela?"

Nikanyamaza.

Propela ina uma kila mwisho, ndani yake ndimo krosi inapokaa. Uma hizo mbili lazima ziangaliane sawasawa, kama mikono miwili iliyoshika fimbo moja. Krosi ikizungushwa kwa pembe haizunguki kwa mwendo sawa. Inakimbia kidogo, inachelewa kidogo, mara mbili kila mzunguko. Ya mwisho mwingine inatakiwa kulifuta hilo kosa kwa kufanya kinyume wakati uleule. Mimi niliziunganisha zikiwa zimepishana, kwa hiyo moja ilikuwa inaongezea fujo ya mwenzake. Babu akachomoa, akazungusha, akarudisha. Dakika kumi. Kisha akachukua patasi akagonga alama ndogo upande huu na upande huu, akasema, "Ya mwanangu hii. Ili siku nikifa usipate tabu."

Kuna jambo moja dogo jingine, nalitaja kwa sababu hakuna aliyeniambia. Juu ya bomba la ekseli kuna tundu la kupumulia, lina kikofia. Difu ikipata joto hewa ya ndani inapanuka, inatokea hapo. Letu lilikuwa limezibwa na tope la Kilimanjaro lililokauka zamani. Safari ya kwanza ya kupanda Lushoto, hewa ikakosa njia ikasukuma oili kwenye sili ya hubu, na oili ikaloanisha brekishuu mpya. Gari likawa linavuta upande mmoja kila nikikanyaga breki. Sindano ya kushonea magunia ilitosha kulizibua. Brekishuu tulinunua tena.

Nikishasema yote hayo, naona nikiri kitu ambacho wapenzi wa Salisbury hawapendi kukisikia. Ile shafti dhaifu ilikuwa na faida. Babu anaiita fyuzi. Ukiizidishia gari mzigo, ilikatika yenyewe, kitu cha bei ndogo, unachoweza kukibadilisha chini ya mwembe kwa spana mbili. Hata difu ya zamani ikifa, unaitoa nzima na kuweka nyingine hapo hapo porini. Difu ya Salisbury haitoki hivyo. Kuifungua inabidi uipanue nyumba yake kwa chombo maalumu, na hicho chombo Korogwe nzima sijakiona. Na nguvu iliyokuwa inaishia kwenye shafti sasa haina pa kuishia pale. Inarudi nyuma kwenye krosi, kwenye giaboksi. Giaboksi ya gari hili ndiyo itakayofuata, Babu ameshasema, na mimi nimebadili uendeshaji wangu kwa sababu hiyo. Siku hizi kwenye tope situpi klachi. Najua hakuna tena kitu cha bei rahisi cha kunikatikia.

Je, ningerudia? Ningerudia kesho. Nimepanda Mtae mara saba tangu hapo, mbili kati ya hizo masika. Shangazi sasa anakaa mbele, na chini ya miguu yake kuna jiwe. Nilimwambia halihitajiki. Akaniambia niendeshe.

Ekseli ya zamani nilimwachia Babu na sikuiuliza tena. Mwezi uliopita, nje kidogo ya Mombo, nikapishana na mkokoteni wa punda wawili umebeba madumu ya maji, na kitu fulani katika magurudumu yake kikanifanya nipunguze mwendo. Rangi ya samawati. Niliipaka mwenyewe, vibaya, mwaka niliolinunua gari. Nikasimama. Tundu la difu lilikuwa limezibwa kwa bati la pipa lililochomelewa, na magurudumu yalikuwa yanazunguka juu ya bomba lake bila kelele yoyote, kwa zile beringi zilezile.

Nikamsalimu mwenye punda, nikamwambia hiyo ekseli naifahamu. Akafurahi. Akasema ni nzuri, nyepesi, punda hawachoki.

"Na shafti zake?" nikauliza. "Kulikuwa na moja nzima."

Akacheka, akanyoosha mkono nyuma ya madumu, akanionyesha. Mwisho mmoja ulikuwa umepigwa bapa na kunolewa.

"Mtaimbo huu," akasema. "Nachimbia mashimo ya nguzo. Mgumu ajabu, kaka. Hauvunjiki."